Diski Iliyowekwa Amana Kiwengwa

Jamaa aliruka dirishani, akaangukia turubai la muuza vitambaa, akatimua mbio.

Mpelelezi Nassra nyuma yake.

Vichochoro vya Kajificheni. Vya Mkunazini. Kona ya kushoto, kona ya kulia. Darajani pikipiki ilikuwa ikimngoja jamaa, inanguruma. Nassra alimkosa kwa shubiri moja.

Alirudi nyumbani Glock mkononi, matusi mdomoni. Kompyuta yake ya Linux ilikuwa mezani, kioo cheusi. Jamaa alikuwa amechomeka flashi na kufuta kila kitu.

Ndani mlikuwa na video moja. Ilimwonyesha Ayoub, tajiri wa usafirishaji, akisimamia watu wanaoficha pembe za ndovu ndani ya magunia ya mwani. Kwa gunia moja la pembe hizo lililokamatwa, Kheir, mpakiaji wa mwani wa Kiwengwa, alikuwa rumande siku ya nne, kabebeshwa kosa la bosi wake. Mkubwa wa Nassra alikataza video isipite mtandaoni mpaka siku ya meli ya Ayoub kuondoka. Siku yenyewe ndiyo hii.

Simu ikatetemeka. Mkubwa mwenyewe, Muhiddin.

"Nassra."

"Naam."

"Bila ya video, saa tisa naiachia meli. Na Kheir Jumatatu anasimama mahakamani."

Akakata.

Himid, fundi wa kikosi, alikuwa keshakaa mbele ya kompyuta. "Usihofu. Nnayo picha ya mfumo, nakala ya kompyuta nliyoichukua jana. Nairudisha sasa hivi."

Dakika saba. Kompyuta ikawaka, nzima, programu zote mahali pake. Nassra akafungua folda ya video.

Tupu.

"Iko wapi?"

"Picha hii inarudisha mfumo tu. Mafaili yako nliyaacha nje. Yalikuwa yanajaza diski."

Hapo Nassra akawaka. Mwezi mzima alikuwa akimwambia: picha ya mfumo ni ya siku programu ikiharibika, vitu vyako vinataka nakala yao, kwenye diski nyingine, katika nyumba nyingine. Himid akachagua njia nyepesi kwa sababu inamaliza kazi kwa dakika mbili. Dakika mbili! Na mtu yuko ndani kwa kosa lisilo lake!

"Mtu mzima ovyo wewe! Bahati yako mimi sikukusikiliza. Jumanne nlinakili kila kitu kwenye diski ya nje, nkaifunga kwa nywila, nkaiweka amana kwa shangazi yangu, Bi Mwatum, Kiwengwa."

Akabeba begi la laptopu, akavaa helmeti, akashuka ngazi mbili mbili. Yamaha ikanguruma.

Alikuwa kashaipita Mahonda sauti ya Himid ilipoingia sikioni kwa redio ya kikosi.

"Nshampigia Bi Mwatum aiandae hiyo diski."

"Kwa simu gani?"

"Nlitaka usikae kungoja."

"Kwa simu gani, Himid?"

"Yangu. Ya kawaida."

Simu ambayo walijua tangu wiki iliyopita kwamba watu wa Ayoub wanaisikiliza. Nassra angefungua mdomo angelia kwa hasira. Akakaza moto.

Prado nyeupe ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba ya Bi Mwatum. Barazani alikaa Ayoub mwenyewe, aliyetangulia kutoka ghala lake la mwani hapo hapo Kiwengwa, kanzu safi, barua ya serikali ya kughushi mkononi, kikombe cha kahawa mbele yake. Alikuwa akitoka jasho. Bi Mwatum, miaka sabini na mbili, alikuwa kaziba mlango mzima.

"Barua nshaiona, baba," alikuwa akisema. "Lakini kaniwekea Nassra, nampa Nassra. Hata angekuja mamake mzazi asingepewa. Amana haitolewi kwa barua. Kunywa kahawa yako."

"Bibi, mimi mtu wa serikali!"

"Basi ungejua."

Ayoub akatupa kikombe. Mkono ukapenya chini ya kanzu.

Alichelewa.

Kiwiko cha Nassra kilitua shingoni mwake. Bastola ikaanguka mchangani. Pingu zikalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono."

Bi Mwatum akafungua kipande cha kanga na kumwekea diski kiganjani. Kisha akainama kuokota vigae vya kikombe chake, akimlaani Ayoub mpaka kwa babu zake.

Saa nane na dakika arubaini laptopu ilikuwa juu ya tangi la pikipiki, video inakwenda kwa Muhiddin. Saa tisa kasoro tano sauti yake ikarudi.

"Meli imezuiwa. Magunia yanafunguliwa."

Saa kumi na moja Nassra alikuwa nje ya kituo cha polisi. Akamtupia Himid ile diski.

"Nakala tatu. Diski mbili mbali mbali. Moja isilale nyumbani kwangu. Na kila wiki unajaribu kuzirudisha, uone kama zinafunguka."

"Sawa."

"Leo hii. Kabla hujala."

Kheir akatoka. Mikono ilikuwa imemvimba. Himid alimnyooshea chupa ya maji; Kheir hakuipokea.

"Hiyo video mlikuwa nayo tangu lini?"

Himid akafungua mdomo. Nassra akamzuia kwa mkono.

"Tangu Jumanne."

"Na leo Ijumaa."

"Tulimngoja Ayoub apakie mzigo wote, tumshike nao."

"Mkaniacha ndani, mkingoja. Mke wangu kila siku anakuja hapa kulia."

"Ndiyo," alisema Nassra. "Tulikudhulumu."

Kheir alimkazia macho. Kisha akatema mate chini, mbele ya viatu vya Nassra, akaenda kutafuta gari ya kumrejesha Kiwengwa.

Simu ikatetemeka. Muhiddin alikuwa ameleta meseji ya pongezi. Nassra akaisoma, akaifuta, akavaa helmeti, akatembea taratibu hadi kwenye Yamaha. Himid alimwita mara mbili. Hakugeuka.