Boksi Lililofaulu

Walikutana kwenye foleni ya mapokezi ya maabara ya ukaguzi, Jumatatu asubuhi, wateja wamejipanga hadi mlangoni na madumu ya plastiki na maboksi. Yeye, mkaguzi wa vifungashio vya kemikali hatari, alikuwa akipita na koti lake jeupe. Kijana mmoja, shati la bluu limepigwa pasi mbele tu, akamgonga kwa boksi, likaanguka.

"Samahani, dada. Hilo bado halijakaguliwa."

"Limeshakaguliwa. Limepasuka."

Kijana akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Siku zile kucheka kulikuwa rahisi.

Boksi lake lilikuwa la kusafirishia dawa ya wadudu. Lililazwa kwenye chumba chenye unyevu, likajazwa unga, likaangushwa kwa kona. Unga ukimwagika, boksi limefeli, na mkaguzi hulichana tabaka kwa tabaka kutafuta kasoro. Usipomwagika, hutiwa lakiri na kukaa rafuni miaka mitano, muda wa cheti. Hakuna wa kuligusa.

Maboksi, ndivyo mkaguzi alivyombatiza kijana, alifeli mara nne. Kila mara alipiga simu jioni, na simu hizo zikazaa mapenzi.

"Mpenzi, umelichana tena?"

"Nimelichana. Gundi yako ni ya kubandikia stempu."

"Hata huruma kidogo?"

"Huruma haizuii sumu, mpenzi wangu."

Mkaguzi alimpenda hasa kwa kule kurudi bila kinyongo. Hata shangazi yake alishaanza kuuliza kijana wa maboksi atakuja nyumbani lini.

La tano halikutoa hata chembe. Mkaguzi alijivunia utadhani kalitengeneza yeye. Akamkabidhi cheti pale kaunta, akasema "Hongera", akasubiri kicheko. Maboksi alikitazama cheti kwa muda mrefu.

"Asante, mkaguzi," alisema, akaondoka.

Simu za jioni zikakoma. Alipopiga yeye, hazikupokelewa. Basi akaamini walichosema wenzake, kwamba kijana alitaka cheti tu na amekipata. Ilimuuma miaka mitano. Kila alipopita kwenye ile rafu aligeuza uso, na siku nyingine alishindwa kuugeuza.

Cheti kilipoisha muda, boksi lilishushwa lichanwe, ionekane limezeekaje. Alilichana mwenyewe. Kwenye tabaka la ndani kabisa, chini ya gundi, palikuwa na mwandiko wa kalamu:

"Najua utalichana kama kawaida. Nataka kukuoa. Kama hutaki, nipe cheti changu tu, sitakusumbua."

Alikaa sakafuni, unga umemjaa mapajani, akalia. Kisha akapiga namba iliyokuwa kwenye faili. Kumjulisha mwenye cheti ilikuwa kazi yake vilevile.

"Kiwanda cha maboksi, karibu."

Sauti ilikuwa ileile. "Nimelichana," mkaguzi alisema. "Leo."

Upande wa pili mashine zikazimwa.

"Leo? Si ulikuwa unayachana yote?"

"Lililofaulu halichanwi. Ulilitengeneza zuri mno, mjinga wewe."

"Nililifanyia kazi siku tatu," alisema Maboksi. "Sikutaka uyasome maneno yale kwenye gundi mbovu."

"Una mtu?"

"Sina. Wewe?"

"Nina shangazi. Bado anauliza."

Hapo akakisikia tena kile kicheko cha foleni, kimezeeka kidogo.

"Cheti changu kimeisha, basi," alisema Maboksi. "Nilete boksi lingine?"

Mkaguzi alijifuta machozi kwa mkono wenye unga.

"Njoo bila boksi. Safari hii sema kwa mdomo."