Jumamosi Nyekundu Langoni

Kila asubuhi saa moja, kabla hata sijavaa soksi, nilikimbilia dirishani kusoma kipimahewa. Dirisha letu linatazama lango la shule, ndiyo maana darasa lilinikabidhi mimi, Pei-rong, kifaa hicho. Vingine kumi na kimoja vilitundikwa sehemu mbalimbali za mtaa. Kwenye ramani yetu, penye hewa safi tulipaka kijani, penye hewa chafu nyekundu.

Mwalimu Ko alituahidi kwamba tukithibitisha pikipiki za wazazi zinachafua hewa ya langoni, shule itaomba barabara ya hapo ifungwe kila asubuhi. Nilitamani sana. Mdogo wangu Jun ana pumu, na akifika langoni hukohoa mpaka machozi yanamtoka.

Basi, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, nyekundu tupu! Rafiki yangu Tze-kai alipanda juu ya kiti. "Pei-rong, tumeshinda!"

Jumamosi hapakuwa na shule wala pikipiki. Hata hivyo, namba ilikuwa ya nyekundu vilevile. Nikageuka. Bibi alikuwa akichoma udi mbele ya picha ya Babu, kama kila asubuhi, na moshi ulikuwa ukitoka nje kupitia dirishani, palepale penye kifaa.

Kumbe kifaa kilikuwa kikipima udi wetu! Nikinyamaza, nani atajua? Nilihangaika siku mbili. Jumatatu nikamweleza mwalimu.

"Umetuharibia kazi!" Tze-kai alifoka. "Wewe na bibi yako na udi wake!"

"Mwache bibi yangu! Kosa ni langu. Tunaanza upya."

Tulikitundika kifaa kwenye nguzo ya lango. Siku zote tano za shule, nyekundu. Jumamosi, kijani! Nilipiga kelele hadi Bibi akamwaga chai.

Kwenye mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama na helmeti yake kwapani. "Huo ni moshi wa udi tu! Nyumba zote hapa zinachoma."

"Hata Jumamosi tunachoma, mjomba," nilimjibu. "Lakini tazama, Jumamosi ni kijani."

Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka pia. "Haya, binti, umeniweza. Wangu nitamshushia kule kona."

Mwezi uliofuata barabara ilifungwa. Siku ya kwanza Jun alipita langoni akiimba, bila kikohozi! Nilitaka kulia kwa furaha.

"Ungeificha ile Jumamosi ya kwanza," Mwalimu Ko aliniambia, "yule baba angetushinda kwa sentensi moja. Ukweli wako ndio ulioifunga barabara hii ya moshi."