Aliyemsemea Ottilie Krenn

Lilianza jambo dogo tu, la kupuuzwa. Ersilia Bonfanti alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, saa nne asubuhi, ndani ya chumba cheusi kisicho na dirisha pale Roma, anamsemea Ottilie Krenn kama alivyomsemea kwa miaka kumi na moja. Kipande cha filamu kilikuwa kinazunguka. Mara ya kwanza hadi ya nane, uso mweupe wa Ottilie pale kwenye skrini ulitazama chini kisimani. Mara ya tisa ukainuka, ukamtazama yeye.

Haiwezekani hiyo. Kipande hukatwa, kikaungwa mwisho na mwanzo, kikawa mviringo kama bangili, ndiyo maana sisi wa kazi ile tulikiita pete. Kinapita vilevile, kope zinapepesa palepale, hata mara hamsini, mpaka mwenye sauti aikalishe sauti yake kwenye midomo ya mwenzake. Pete haijui kubadilika.

"Mmeona?" Ersilia akauliza.

"Tumeona nini?" Bwana Pezzullo, msimamizi wa sauti, alijibu toka kitini, kijiti cha meno mdomoni.

"Amenitazama."

"Ersilia, mama, kama unataka kahawa sema unataka kahawa. Haya, tena!"

Taa nyekundu ikawaka. Ersilia akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na maikrofoni ikamnukia matope na majani yaliyooza, harufu ya maji yaliyolala miaka mingi bila kuchotwa.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu Ottilie Krenn. Alikuwa binti wa mji wa Graz, muuza glavu, akaokotwa kwenye gari moshi na mtu wa sinema aliyependa macho yake. Filamu ya kwanza alicheza maiti. Akalala jenezani kwa utulivu hata wakubwa wakasema huyu hana budi kufufuliwa. Wakamfufua mara kumi na tisa! Wakamchoma moto, wakamzika hai, akanyonywa damu, akanyonya ya watu. Wasomi wa magazeti walimcheka, lakini alikuwa na watu wake, wale wa sinema za mitaani zenye viti vya mbao, waliorudia filamu moja mara kumi na kuyasema maneno yake kabla hajafungua kinywa.

Maneno yake? Yapi? Filamu zetu zilipigwa bila sauti, na Kiitaliano cha Ottilie kilitosha kuombea chumvi mezani tu. Mbele ya kamera alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa Kijerumani chao, akilia machozi ya kweli kwenye kumi na saba. Kilio, kicheko, mnong'ono ule uliowasisimua watu vinyweleo, vyote vilikuwa vya Ersilia. Na jina la Ersilia halikuandikwa popote, hata kwa herufi za mchwa.

Hilo angelimeza. Kilichomkaba koo kilikuwa nyumbani kwake. Nando, mumewe, dereva wa tramu, alikuwa amebandika jikoni picha kubwa ya Ottilie, juu ya meza ya chakula.

"Nimeibandika kwa ajili yako," alisema. "Kwani si wewe huyo?"

"Mimi ni huyu hapa anayekupakulia maharage. Huyo ni yeye."

"Basi, nyote wawili." Akacheka, akaendelea kula macho yakiwa ukutani.

Wakienda sinema, Ersilia hukaa kushoto kwake na kujisikia akilia kule mbele, na Nando hajawahi hata mara moja kugeuza shingo. Wivu ulimla Ersilia mifupa. Alikuwa na uso wa kawaida, mpana, wenye pua ya baba yake, uso ambao mtu hununua samaki nawe umemshikia kapu, akiondoka haukumbuki. Angeutoa bure, alijiambia, angeutoa na nauli juu, ili mumewe amtazame mara moja tu vile alivyoutazama ukuta.

Basi siku ile ya pete ya kisima, Ottilie alikuwa anacheza bibi harusi anayeita jini la kisimani limchukue mume msaliti. Maneno ya mwito mwandishi aliyapata kwa bibi mmoja wa milima ya Benevento, akaona ni mapambo tu. Ottilie mbele ya kamera alihesabu thelathini na moja, thelathini na mbili. Kwa hiyo aliyeita kweli, gizani, kwa sauti kamili, mara tisa, kumi, ishirini, alikuwa Ersilia.

Mara ya ishirini na nne ukaja mstari wa mwisho: njoo, mwenye kisima, mchukue niliyekuahidi. Uso ule ukamtazama tena. Ulikuwa mzuri, ulikuwa mzuri kupita kiasi, na Ersilia akasikia ulimi unasema kilichokuwa kikimchoma:

"Njoo, mwenye kisima, nipe uso huu ninaousemea."

Taa zikawashwa.

"Maneno siyo," Pezzullo akasema, akikuna kidevu. "Lakini midomo, mamma mia, midomo imekaa! Tangu lini umekaa hivyo? Inabaki hiyo hiyo. Nani atasikiliza maneno?"

Mtu mmoja alisikiliza, na hakuwa mtu.

Asubuhi ya tatu Ersilia alinawa uso, na vidole vyake vikakuta pua nyembamba. Kiooni alikuwa Ottilie Krenn, na nywele za Ersilia, na fulana ya kulalia ya Ersilia iliyotatuka kwapani. Alitaka kupiga kelele. Nando akaingia, wembe mkononi, akasimama.

"Ersilia," alisema polepole. "Leo umependeza. Umefanya nini?"

Akamtazama. Alimtazama vile vile hasa, kama alivyoutazama ukuta, na kelele ikarudi kooni ikalala huko.

Wala hakuna aliyestaajabu. Majirani walimsifu, mwenye duka la kahawa akamkaribisha kikombe cha bure. Picha ya harusi kabatini, pale uso wake wa zamani ulipokuwa, palikuwa na doa la unyevu, duara kama mdomo wa kisima, na Nando alipoulizwa alisema picha ilikuwa hivyo siku zote. Ersilia akacheka. Ndiyo, alicheka! Akanunua rangi ya mdomo.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Kwanza yakaanza matone, tu, tu, tu, ndani ya ukuta wa jikoni, wakati nyumba iko ghorofa ya nne na fundi aliyepasua lipu alikuta matofali makavu kabisa. Kisha Nando akabadilika. Alileta maua, alirudi mapema, aliketi akimtazama mkewe akimenya mboga ya atichoki, lakini Ersilia alipoanza kumsimulia ya kazini, mume aliinua mkono.

"Nyamaza kidogo, mpenzi. Acha nikutazame."

"Na mimi ninayesema je?"

"Wewe si ndiye huyo? Nyamaza tu."

Usingizini akamwita Ottilie. Hapo wivu wa Ersilia, alioudhani umeshiba, ukageuka ukaanza kumla upya, kwa kuwa sasa alikuwa akimwonea wivu mwanamke aliyembeba mwenyewe shingoni, akipapaswa shavu anajua si yeye anayepapaswa, akibusiwa anajua busu linapita juu yake linakwenda kwa mwingine, na ukutani matone yanazidi kwenda mbio kama kitu kinachocheka kwa pumzi, na harufu ya matope inapanda toka kwenye karo la kuoshea vyombo, toka kwenye mto wa kulalia, toka kinywani mwake yeye mwenyewe kila alipopiga mwayo.

Mchana mmoja mlango ukagongwa. Alisimama mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio. Mgeni alipoufungua mtandio, Ersilia aliona uso ambao ukiondoa jicho tu umekwisha kuusahau: si mbaya, si mzuri, si wa mtu.

"Wewe ndiye unayenisemea," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa nene, ya kukwaruza, Kiitaliano chake kimevunjika vipande. "Mimi Ottilie."

Ottilie alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayeiona nguo yake iliyoibwa imevaliwa sokoni.

"Mlinzi wa studio kanifukuza getini," alisema. "Nikaenda kwa mama yangu, Graz. Mama kaniambia kama mchuuzi wa mlangoni: mama, hatununui kitu leo. Mama yangu! Dada, mimi sijaja kugombana. Nirudishie."

"Una kila kitu wewe," Ersilia akanong'ona. "Jina. Watu wako."

Ottilie akacheka kicheko kikavu. "Nina nini? Miaka kumi na moja ninaketi nyuma ya ukumbi, nasikia mwanamke anawaliza watu kwa mdomo wangu. Wanapenda sauti ile. Mimi nikifungua kinywa wanashangaa, wanasema kumbe anakoroma. Nimekuonea wivu mpaka nimeugua. Hukujua?"

Hakujua. Laiti angejua mapema! Wakalia wote wawili pale mezani, chini ya picha ambayo sasa ilikuwa karatasi nyeupe yenye doa, kisha wakaenda mtaa wa Trastevere kwa Mama Cesira, anayeondoa jicho la hasidi kwa sahani ya maji na mafuta.

Mama Cesira alidondosha mafuta. Hayakuelea. Yalizama chini, yakakusanyika, yakawa duara. Bibi akajifanyia ishara ya msalaba na kuisukuma sahani mbali.

"Nani kasema maneno?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara ishirini na nne."

"Wapumbavu nyie! Mnakwenda kuita vitu gizani mkidhani ni kazi ya mshahara. Sikiliza, binti. Jini halitoi bure. Limekupa uso wa huyu, limechukua wako, limeuweka. Nenda palepale, mbele ya uso uleule, useme kwa kinywa chako: chukua wa watu, nipe wangu. Litarudisha vyote viwili. Lakini lazima iwe hiari yako. Huyu akijiombea wake mwenyewe, atapewa. Ila wako utabaki huko huko. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Jibu lako jepesi mno," bibi akasema. Malipo alikataa, akawafungia mlango.

Kesho yake saa saba, wenzetu walipokwenda kula, Ersilia alifunga ile pete kwenye mashine kwa mikono yake. Ottilie akasimama ubavuni pake, wameshikana mikono. Taa zikazimwa. Kisima kikaja mbele yao, na bibi harusi ameinama juu yake, lakini palipokuwa uso palikuwa na duara jeusi lenye maji, maji yanatikisika.

"Sema, dada," Ottilie akanong'ona.

Ersilia alifungua kinywa. Na kwa wakati ule ule akamkumbuka Nando asubuhi hiyo, kidevu kimelala kiganjani, anavyomtazama. Akauona uso wake wa zamani, na pua ya baba. Akaona jikoni, maharage, shingo isiyogeuka. Pete ikapita. Ikapita tena. Atasema, alijiambia, mzunguko ujao atasema, mmoja tu, amtazame kidogo tu moyoni kisha aseme, na matone yakawa yanadondoka sakafuni pale pale nyuma yao sasa, tu, tu, na baridi ikampanda magotini, na kitu kirefu kikainama kati ya vichwa vyao viwili kikitega sikio kwa adabu, kama msimamizi anayesubiri sauti ikae, na pete ikapita mara ya saba, ya nane, na Ersilia Bonfanti, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa mstari maishani mwake, akanyamaza.

"Dada, tafadhali. Dada!"

Akanyamaza.

Ndipo Ottilie alipomwachia mkono. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni na kusema kwa sauti yake nene, ya kukwaruza, ambayo hakuna aliyewahi kuiweka kwenye filamu yoyote:

"Nipe wangu."

Maji kwenye duara yakatulia. Uso ukarejea, wa Ottilie mwenyewe, na kwa mara ya kwanza midomo ile na sauti ile vilikuwa vya mtu mmoja. Kitu kilichoinama kikainuka. Harufu ya matope ikatoka chumbani kama mtu anayefunga mlango taratibu, na taa zilipowaka Ottilie alikuwa mzuri, analia, na hakumgeukia tena Ersilia. Alitoka akikimbia.

Ersilia alirudi kwa miguu, mtandio umefunika kichwa. Hakuthubutu kujishika uso. Ngazi za ghorofa zote nne alizipanda akiomba. Mlango ulifunguliwa na Nando, leso ya chakula shingoni, na nyuma yake jikoni picha ya Ottilie iling'aa ukutani.

Alimtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mpita njia. "Ndiyo, mama? Unamtafuta nani?"

"Nando. Ni mimi, Ersilia. Mkeo."

"Umekosea mlango, mama. Mimi sijaoa bado." Akaanza kuufunga. Mara mkono ukasita, na uso wote ukamchanua. "Hebu ngoja! Sauti hiyo! Sema tena, tafadhali. Sema chochote." Akaegemea fremu ya mlango na kufumba macho, akitabasamu lile tabasamu ambalo Ersilia alilitafuta miaka kumi na moja. "Loo, haki ya Mungu, kama Ottilie Krenn mwenyewe. Sema tena."

Ersilia akamtazama alivyofumba macho, akasema tena.