Kiti cha Betri

Fundi hakuweka betri, lakini simu ilimwambia betri imejaa.

Alikuwa fundi wa vidude, mwenye mikono myepesi na visingizio vyepesi zaidi. Mezani pake palikuwa na kisanduku cha ghala la dawa, kile kinachopima joto na kulituma kwenye simu bila waya, pamoja na saa na dakika. Ndani yake mna saa, na saa hiyo ina betri yake ya akiba, bapa, ndogo kama kifungo cha shati, ili umeme ukikatika isisahau ni saa ngapi. Mwenye ghala alikileta kwa ajili ya antena tu. Fundi akaitengeneza antena, akaing'oa ile betri, akampachikia mkewe kwenye saa yake ya mkononi iliyokuwa imesimama. Kile kiti cha betri akakiacha kitupu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atafungua achungulie?

Akazima swichi kujaribu. Kisanduku kisicho na betri kikizimwa husahau kila kitu. Hiki alipokiwasha, simu ikalia: *Umeme umerudi. Saa ni sahihi. Akiba: asilimia 100.*

"Akiba gani tena?" fundi akaiuliza simu.

Ng'ambo ya pazia mkewe, mshonaji, alikuwa akisimulia ya mteja wake. Swichi ilipozimwa alinyamaza katikati, cherehani nayo kimya. Sasa vyote vikaendelea.

"... nikamwambia, gauni halishonwi kwa mdomo!"

"Mbona umekatiza?"

"Nani kakatiza? Masikio yako hayo, yaoshe."

Jumanne, adhuhuri, umeme ukakatika mtaa mzima. Fundi akasikia ta, ta, ta, kama ukucha juu ya bati, ukitoka kwenye kisanduku kisicho na kitu cha kugonga. Chumba kikanuka udongo mbichi uliofukuliwa sasa hivi. Akafungua pazia, akamkuta mkewe ameketi na uzi katikati ya meno, mguu juu ya pedali, macho wazi, na inzi anatembea juu ya jicho la kushoto bila kope kutikisika, akamwita, akamtikisa, akammwagia maji, akalia kama mtoto, na ule ukucha ukaendelea kugonga bila haraka, dakika arobaini nzima, mpaka taa ikawaka na mkewe akaung'ata uzi ukakatika.

*Akiba: asilimia 71.*

"Nilikusikia," mkewe akanong'ona, maji yakimchuruzika kidevuni. "Ulisema, 'Usife, nani atanipikia?' Hata leo, baba, tumbo kwanza?"

"Nilichanganyikiwa, mke wangu."

"Basi sikia. Humo kuna mtu. Ananihesabia sikioni, kama muuza vitambaa anavyohesabu mikono. Hapumui. Anahesabu tu."

Fundi akamvua ile saa, akaifungua. Betri ilikuwa imeoza ndani, kijani tupu, na mshale bado unazunguka. Akaweka betri mpya kwenye kiti cha kisanduku; ikavimba, ikatapika. Akaunga betri ya gari. Kabla chai haijapoa ilikuwa imekufa, baridi kama jiwe la kisimani. Umeme ukakatika tena Alhamisi, na Ijumaa mara mbili. Akiba ikawa asilimia tisa. Mshonaji alianza kusahau majina ya rangi.

Wakamwita mganga, shangazi wa mshonaji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwizi." Hakufungua hata mkoba. Alinusa kisanduku, akakaa chini polepole. "Kiti kikiachwa wazi hakikosi wa kukikalia. Jini huyu kazi yake ni kutunza saa isikatike. Alikuta chakula hakipo, akakifuata kilikokwenda. Kilikwenda mkononi mwa mwanangu."

"Nikikivunja kisanduku?"

"Vunja, kama kaburi umeshachimba. Kilichonyonywa kimo humo."

"Sasa dawa yake, shangazi?"

"Mimi nafukuza wavamizi. Huyu kaajiriwa. Na wewe ndiye uliyempa kazi."

Akaondoka bila kuaga, na mganga asiyetaka hata kuku ujue mambo yameharibika.

Jioni ile gari la matangazo likapita: kesho nguzo zinabadilishwa, hakuna umeme toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili. Fundi akapiga hesabu. Asilimia tisa hazifiki hata saa mbili na robo.

Asubuhi akafungua kifuniko, mkewe akimtazama kutoka kwenye cherehani. Saa mbili kasoro dakika moja akabonyeza dole gumba lake kwenye kile kiti kitupu.

"Nile mimi," akasema. "Mwache yeye."

Kidole kikaganda, kisha mkono, kisha ulimi, mpaka yakabaki masikio na macho ya kuangalia mbele tu, na mbele alikuwa mkewe, mzima, akiinuka, akimkimbilia, akilia, "Toa mkono! Nani kakutuma, mume wangu, nani kakutuma?" na fundi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akafurahi, maana safari hii aliyeganda hakuwa mkewe.

Simu ikalia. Mkewe akaiokota, akasoma kwa sauti, kwa kuwa mumewe hangeweza kusoma.

"*Akiba ya pili imepokelewa, asilimia 100. Asante. Akiba ya kwanza itamalizwa kwanza ...*"

Taa ikazima. Mdomo wa mkewe ukabaki wazi pale pale.

Harufu ya udongo ikajaa chumba. Ukucha ukaanza, ta, ta, ta, na fundi akasikia hesabu ikitoka upande wa mkewe, ya taratibu, isiyo na pumzi: tisa. Baada ya dakika nzima, nane. Inzi akatua juu ya lile jicho. Fundi alihesabiwa uhai wote wa mkewe, mbele ya macho yake, mpaka sifuri.

Pakawa kimya kidogo, kimya cha mtu anayehama kiti.

Kisha, sikioni mwake: mia.