Daktari Mwenye Majina Mawili

Mpira ulipaa juu, watu elfu kumi wakasimama kuukodolea macho, na Yudelka Peralta akabaki amekaa peke yake, kamshika baba yake mabega.

Ilikuwa Jumapili alasiri, timu ya besiboli ya Águilas ikicheza na mahasimu wao Licey, na uwanja mzima wa Santiago umegeuka njano. Tangu ujana wake baba huyo, Don Fello, hakuwahi kuikosa mechi hiyo. Sasa shati lote lilikuwa limelowa jasho, mikono inamtetemeka, na alipoulizwa ana nini alijibu kwamba basi limechelewa.

"Baba! Basi gani? Nitazame!"

"Ana kisukari?" mwanamume mmoja aliuliza kutoka safu ya nyuma.

"Ndiyo."

"Amechoma insulini leo?"

"Asubuhi. Chakula cha mchana amekataa, ati kinaharibu bahati ya timu."

Yule mwanamume akaruka kiti. Alikuwa mrefu, kavaa fulana ya njano iliyopauka na kofia kaigeuza nyuma. Akampokonya jirani chupa ya soda, "Nisamehe kaka, nitakununulia nyingine," akapiga magoti, akamnywesha mzee polepole, vidole viwili juu ya mshipa wa mkono wake, huku akimsimulia mchezo kama mtangazaji wa redio. Baada ya robo saa Don Fello alipepesa macho.

"Nani anaongoza?"

"Sisi, Don. Mbili kwa moja."

"Na mimi mmeniacha nilale! Watoto nyinyi hamna huruma."

Safu nzima ikaangua kicheko. Yudelka alicheka huku akijifuta machozi, kisha ndipo akamtazama vizuri yule mtu, na akaona kwamba naye anatazamwa: blauzi yake ya njano, hereni zake kubwa za duara, nywele zilizotoka saluni jana yake.

"Ahsante," alisema. "Wewe nani?"

"Eliseo Tavárez. Daktari wa familia."

"Leseni yako namba ngapi?"

"Wee! Nimekuja kwenye mpira, mrembo, si kwenye mtihani."

"Wa mwisho aliyenijibu hivyo alimlaza baba yangu hospitali siku kumi na tisa."

Tabasamu la Eliseo likafifia. Hakuuliza zaidi. Akatoa kalamu, akaandika namba nyuma ya tiketi yake, na chini yake simu ya zahanati. Alipompa, vidole vyao viligusana kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kwa kweli Yudelka alikuwa na sababu. Daktari wao wa miaka ishirini alikuwa amehamia Boston kwa watoto wake, na mtaani akazuka bwana mmoja mwenye koti jeupe na maneno matamu, akamdunga Don Fello sindano za vitamini hadi figo zikagoma. Baadaye ilibainika kwamba koti lilikuwa lake, udaktari haukuwa wake. Tangu siku hiyo Yudelka aliapa. Kazi yake ilikuwa ukaguzi katika kiwanda cha sigara nene za kusokotwa kwa mkono: sigara mia tano kwa siku zilipita vidoleni mwake, na ile iliyosokotwa vibaya aliijua gizani. Kwa nini akague tumbaku asimkague mtu anayemshika baba yake?

Ila kumpata huyo wa kumkagua ndiko kulikuwa kazi. Kila mapumziko ya mchana alikuwa akikaa na orodha ya madaktari wa bima, akipiga simu. Daktari wa kwanza alikuwa marehemu. Namba ya pili ikapokewa na fundi wa matairi, ambaye hata hivyo alimpa pole na kumwuliza kama ameolewa. Wa tatu alikuwa ameacha kupokea bima hiyo.

Jumatatu, siku iliyofuata mechi, alipiga namba iliyo nyuma ya tiketi.

"Zahanati ya Daktari Tavárez, Nurys anaongea," ilijibu sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, Doña. Samahani, mnapokea bima ya viwandani?"

"Marahaba binti. Tunapokea. Na daktari wetu mzuri mno, ana subira, anasikiliza. Na hajaoa."

"Hilo la mwisho sikuuliza, Doña."

"Najua. Nimekuongezea tu."

Akapiga na bima, akasoma namba ya leseni bila kutaja jina. Mhudumu akamthibitishia: ni halali, haijaisha, na ni ya daktari wa familia. Basi bado moja tu: kubadilisha daktari kulifanyika Januari pekee, na huu ulikuwa ndiyo kwanza mwezi wa Oktoba. Yudelka aliweka tiketi kwenye pochi. Jioni simu ikalia.

"Sukari ya Don ikoje?"

"Mia na ishirini. Nani kakupa namba yangu?"

"Doña Nurys. Anasema una sauti ya mtu anayelipa kodi kwa wakati."

Simu ya pili ilikuwa ya sukari pia. Ya tatu sukari ilichukua dakika moja na mengine saa nzima. Ijumaa wakanywa maziwa yaliyochanganywa na maji ya machungwa na barafu, karibu na ule Mnara ulio juu ya kilima cha mji, Yudelka kavaa gauni la bluu linalomcheza magotini, Eliseo kavaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

"Nyuma je?" Yudelka aliuliza, akimzunguka.

"Nyuma nilitarajia hutafika."

"Mimi ni mkaguzi, bwana. Nafika kote."

"Basi nimekwisha," alisema Eliseo, na kweli alikuwa amekwisha.

Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Eliseo alimwita Yudi, laazizi, inspekta wangu. Jumapili alifika kwa Don Fello kula ndizi za kuponda na salami, wakagombana juu ya wachezaji mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku wa Krismasi walicheza merengue sebuleni, na Don Fello, aliyekuwa akijifanya amelala, alifungua jicho moja, akalifunga tena, akatabasamu.

Kisha Januari ikafika. Yudelka alikwenda ofisi ya bima, akajaza fomu ya kumsajili baba yake kwa daktari mpya, akaisukuma dirishani akiwa amevaa rangi ya midomo kama anayekwenda harusini.

"Sawa," alisema karani, akisoma kwenye kompyuta. "Namba hii ni ya Daktari Eliseo Marte."

"Tavárez."

"Marte, dada. Tavárez hatuna."

Yudelka akaichukua fomu yake. Akatoka nje, akasimama kwenye jua la saa nne, akapiga simu.

"Inspekta wangu!"

"Eliseo. Eliseo Marte ni nani?"

Alisikia mtoto akilia upande wa pili, pengine anapimwa.

"Yudi, hilo si la kwenye simu."

"Ni mtu, au si mtu?"

"Ni mtu. Njoo jioni nikueleze..."

Hakumngoja. Jioni! Akilini aliona koti jeupe na sindano, na baba yake kwenye kitanda cha hospitali akiwa wa manjano kama ganda la limau. Na chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kilichouma zaidi: alikuwa amempenda mtu huyu bila kumkagua nyuma. Akakodi pikipiki hadi zahanati, akausukuma mlango. Wagonjwa wanane walikuwa kwenye benchi. Eliseo alikuwa akimsindikiza mama mwenye mtoto.

"Mwulizeni jina lake!" Yudelka alisema kwa sauti iliyowanyamazisha wote. "Mwulizeni leseni anayotumia ni ya nani! Ni ya mtu anayeitwa Marte. Huyu si Marte. Huyu anatibu watoto wenu kwa leseni ya mtu mwingine!"

Aliyesimama alikuwa mama wa mapokezi, mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Marte ni mimi," alisema Doña Nurys.

Akatoka nyuma ya meza.

"Mimi ndiye Nurys Marte. Nilimzaa huyu nikiwa na miaka kumi na minane, na hakuna mwanamume aliyesimama kumpa jina, basi nikampa langu. Kwa jina langu alisoma, na kwa jina langu akaapishwa udaktari. Bwana Tavárez alimkumbuka mwanawe mwaka jana, madaktari walipompa miezi mitatu. Akaja hapa na mkongojo, akaomba amtambue kisheria na kumpa jina lake kabla hajafa. Mimi ningemfukuza. Mwanangu akasema, mama, mgonjwa hafukuzwi. Akaenda kutia saini. Kitambulisho kimebadilika, karatasi za wizarani na za bima zinafuata. Haya. Unataka namba ya leseni nyingine?"

Hakuna aliyekohoa, ingawa karibu wote walikuja kwa kikohozi. Eliseo hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyevuliwa shati mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia?" Yudelka alinong'ona.

"Kila nikianza, naanzia pale ambapo baba hakunitaka," alisema. "Sikupata mahali pengine pa kuanzia." Kisha akamgeukia aliyefuata. "Namba tisa, karibu."

Siku mbili simu haikulia. Yudelka aliziacha sigara mbovu tatu zikapita, jambo ambalo halijawahi kutokea. Siku ya tatu Don Fello alizima redio katikati ya mechi, naye binti yake akajua neno linalokuja ni zito.

"Ulikosea kuuliza?" mzee alisema. "Hapana. Uliniuliza mimi, ukauliza bima, ukauliza uwanja mzima. Yeye hukumpa hata dakika moja ya kujibu."

"Nimemwaibisha mbele za watu, baba."

"Basi unajua pa kwenda kuomba radhi."

Jumamosi asubuhi alivaa lile gauni la bluu. Zahanati ilijaa hadi mlangoni. Doña Nurys alimtazama juu ya miwani, akakata kikaratasi.

"Namba kumi na nne."

"Doña, nilitaka tu..."

"Hapa kila mtu anataka tu. Kumi na nne. Keti."

Alikaa saa tatu. Alimbeba mtoto wa watu, akamsomea bibi mmoja cheti cha dawa, akala mkate aliopewa na mzee mwenye goti bovu. Namba yake ilipoitwa hakuingia ndani. Alisimama katikati ya chumba, uso unamwaka.

"Jumanne nilisema hapa kwamba daktari huyu ni mwongo. Mwongo hakuwepo. Nilikuwepo mimi na hofu yangu. Doña Nurys, nisamehe. Jina lako ni jina la heshima na nililitamka kama tusi."

Doña Nurys alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ingia, binti," alisema. "Foleni inangoja."

Ndani, Eliseo alikuwa ameegemea meza, macho mekundu. Ukuta ulikuwa mwembamba, amesikia yote.

"Siwezi kuwa daktari wa Don Fello," alisema.

Yudelka akashika kitasa cha mlango. "Nimeelewa. Nastahili kukosa."

"Hujaelewa." Akampa karatasi. "Daktari Milagros Polanco. Ana miaka ishirini na sita kazini. Namba ya leseni hiyo hapo, jina moja tu, nimelihakikisha wizarani. Bima yenu anaipokea, nimewapigia mara mbili. Jumatano saa tatu anamngoja Don. Nami nimemwambia kuhusu zile figo."

Yudelka alisoma, herufi zikimchezacheza. "Umemkagua kunishinda. Lakini kwa nini si wewe?"

"Kwa sababu daktari mwenye akili hamtibu baba mkwe wake, laazizi. Mkono unatetemeka." Aliunyoosha, na kweli ulitetemeka. "Pete sina, sikujua kama utarudi. Nina majina mawili tu, na moja bado wino haujakauka. Utanikubali?"

"Mbona unauliza kama uko kwenye dirisha la bima?"

"Yudi!"

"Nakubali, mpumbavu wewe. Nakubali kwa majina yote mawili."

Eliseo alimkumbatia kwa nguvu hadi kipimo cha moyo kikamwanguka shingoni, naye Yudelka akambusu huku akicheka na kulia. Nje ya ukuta mwembamba makelele yakalipuka, mtu akapiga benchi kama ngoma, na Doña Nurys akasikika akipenga kamasi kwenye leso. Kisha akakohoa, akajikaza, akaita kwa sauti ya kazi:

"Namba kumi na tano!"

"Mwache mwenzangu wa foleni amalize," akajibu yule mzee wa goti. "Goti langu linaweza kungoja."