Kibandiko cha Hapana-Hapana

Mimi si muoga, mji wetu mzima wa Assen, huku Uholanzi, unajua. Lakini haya ya rafiki yangu Wiebe yamenifanya nizibe tundu la barua mlangoni kwangu.

Wiebe anaishi peke yake. Kwenye tundu lake alibandika kile kibandiko cha Hapana-Hapana: matangazo hapana, magazeti ya bure hapana. Bado kila jioni, ta! karatasi za bei za magodoro zilianguka sakafuni. Msambazaji ni Harm, ambaye walikua pamoja tangu utotoni, na Harm alimwapia kwamba hatamletea hata moja.

Jumanne moja ya Desemba, giza limeshaingia, Wiebe aliposikia ta! akafungua mlango kwa kishindo. Harm alikuwa akipita na baiskeli.

"Msaliti wewe! Unaniuza kwa makaratasi?"

"Wee, usinizushie! Nilimaliza kazi saa tisa. Njoo upekue mfuko."

Wiebe akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akapekua. Mtupu.

"Niangalie usoni, Harm. Kama siyo wewe, ni nani?"

Nyuma yao, ta! Kifuniko cha tundu kiliinuliwa kutoka ndani. Karatasi ikasukumwa nje taratibu, ikaanguka. Wiebe akaiokota. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichoshikwa mkononi muda mrefu.