Jicho Lililobonyea

Kila Jumamosi asubuhi, Zulfa wa darasa la sita alikaa pwani anapoundia vyombo vya bahari baba yake, fundi Matano, akinyoosha misumari mikuukuu. Kisiwani Jibondo msumari hautupwi. Hupigwa nyundo juu ya jiwe mpaka unyooke, ukaingie kwenye chombo kipya. Baba aliweka sharti moja: anayekaribia nyundo avae miwani ya kazi.

Siku hiyo Feisal, mdogo wake, aliikataa miwani.

"Inanifanya chura, Da Zulfa!"

Zulfa akacheka, akamwacha, akapiga nyundo. Ta! Kichwa cha msumari kilikatika, kikamchapa Feisal jichoni.

"Nyamaza! Usimwambie baba. Nitakupa pweza wangu wote."

Kwa pweza, Feisal angeuza hata kivuli chake. Akafuta machozi.

"Si limepona?" Zulfa aliuliza baada ya muda.

"Limepona. Ila naona wingu."

Mara wakasikia vicheko. Dokta Leonia, mtafiti kutoka bara, alikuwa ameshuka kwenye boti ya Hifadhi ya Bahari akiwa na kichwa cha bandia chenye vipimo ndani. Alichunguza jinsi mafundi wanavyoumia kichwa na macho.

"Dokta, huyu kaoa?" fundi Abeid aliuliza.

"Bado. Anatafuta shemeji mwenye kichwa kigumu kama chako."

Pwani nzima ikaangua kicheko. Dokta akapachika jicho la mbuzi aliyechinjwa kwenye kichwa kile, akawasha kamera inayopiga picha maelfu kwa sekunde moja, kisha akafyatua kipande cha msumari. Tap!

"Ndiyo hiyo tu?" Abeid akaguna.

"Subiri, fundi."

Picha ikarudiwa polepole. Lo! Jicho lilibonyea kama donge la unga chini ya kidole. Likatanuka likawa bapa kama chapati, likatetemeka, kisha likarudi duara, linang'aa, kama halijaguswa. Watu waliduwaa. Hata kuku wa jirani, Bimkubwa, ambaye hajapata kufunga mdomo tangu aanguliwe, alinyamaza.

"Nje zima," Dokta alisema kwa upole, "ndani limechanika. Mwenye jicho hili huona wingu, kisha pazia, kisha giza. Akiwahi hospitali, huenda likaokolewa."

Zulfa akamtazama Feisal, aliyekuwa amesogea mbele, jicho moja kalifumba ili aone vizuri.

"Baba!" Zulfa alipiga kelele mbele ya watu wote. "Nimempiga Feisal kwa msumari. Jichoni, asubuhi hii. Nikamhonga pweza anyamaze!"

Boti ya Dokta haikungoja kuombwa mara ya pili, ikamkimbiza Feisal hospitali. Kilindoni, daktari aliposikia hasa kilichotokea, alimpa Feisal rufaa ya Dar es Salaam siku ileile. Baada ya mwezi alirudi akiwa ametibiwa, akasimama pwani akasoma jina la boti iliyokuwa mbali baharini, baba yake akiwa hajaiona hata boti yenyewe.

Jioni hiyo fundi Matano alimkalisha Zulfa kando yake.

"Watu husema ajali haina kinga," alisema. "Waongo! Kinga ya kwanza ilikuwa miwani, ukaichekea. Ya pili ilikuwa ulimi wako. Ulichelewa, mwanangu, lakini ulisema. Ndiyo maana mdogo wako anaona."